Asumini za Ndege ya Jumanne

Toa Payoh, Singapore
12 Juni 2004

Dada Sornam,

Pokea salamu zangu, kisha uketi, maana nakujua: barua zangu unazisoma umesimama, huku mkono mmoja unatunga maua ya watu.

Siku ya harusi imepatikana. Jumatano, tarehe 25 Agosti. Baba mkubwa wa Ilango wangu, Mzee Sabapathy, aliandika huko huko kwetu Tiruchi kwa mnajimu wa ukoo wao, Mzee Kuppuswamy wa mtaa wa hekalu. Jibu limekuja kwa wino mwekundu: tali, ule uzi wetu wa ndoa, ufungwe shingoni kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja na nusu asubuhi. Mzee Sabapathy alilisoma jibu hilo mbele ya ukoo mzima, akalibusu, na kadi mia tatu zimekwenda kuchapwa.

Sasa kuna jambo. Tulikubaliana kwamba wewe utakuja na koja langu la asumini kutoka nyumbani. Lakini Mzee alikuwa karani wa bandari kwa miaka thelathini, na kila kitu anakipima. Alitandaza ramani mezani, akaweka rula, akanionyesha: Tiruchi mpaka Singapore ni kilomita elfu tatu kasoro kidogo, na ndege inaruka kwa saa nne. Ndege zinazokuja moja kwa moja ni mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumanne. Ukija na ya Jumamosi, maua yatafika harusini yamekuwa takataka. Ya Jumanne inaondoka huko saa tano na nusu usiku na kutua hapa saa kumi na mbili kamili asubuhi ya Jumatano. Robo saa baadaye natakiwa niwe nimeshakaa mbele ya moto wa ndoa. "Hesabu imekataa," akasema, akakunja ramani.

Kwa hiyo usijisumbue, Dada. Maua tutanunua hapa hapa. Nyumba yenyewe ndogo, ghorofa ya kumi na moja, na wewe hupendi lifti. Usijisumbue na pasipoti. Picha nitakuletea zote. Nasema tena, usijisumbue.

Mdogo wako,
Kayal

*

Tiruchi
21 Juni 2004

Wewe Kayal,

Nimeketi kama ulivyoamuru. Nilipomaliza kusoma nikasimama tena, kwa hasira.

"Usijisumbue" mara tatu kwenye karatasi moja! Mama na baba walipotutoka ulikuwa na miaka sita na mimi ndiye niliyekulea, kwa hiyo nakusoma hata mahali ambapo hukuandika. Ulipovunja mtungi wa jirani ulisema "ni paka" mara tatu vilevile. Kuna kitu unanificha. Kiandike, na usipige simu dukani kwa Selvi, maana pale simu inasikilizwa na mtaa mzima na wengine wanajibu kabla yangu.

Sasa tuje kwenye hesabu za huyo karani wako. Mimi sikusomea bandarini, lakini nina miaka ishirini na miwili langoni pa hekalu la Srirangam natunga maua. Ua halijui kilomita. Ua linajua saa. Asumini ikichumwa alfajiri bado ni tumba, jioni inafunguka, kesho yake asubuhi ni ya kufagiwa. Kula yangu yote imetokana na kushindana na saa hizo, na karo yako ya uuguzi pia. Leo uvae shingoni maua ya jokofu yaliyolala dukani siku tatu, yasiyonukia hata ukiyaingiza puani? Nitaficha wapi uso wangu hapa Srirangam? Wenzangu wa langoni watanicheka mpaka nizeeke, na wakishazeeka wao watawaachia watoto wao wanicheke.

Pasipoti ninayo tangu Machi. Sikukwambia ili nisikutie kiburi.

Halafu nieleze jambo moja. Saa tano na nusu usiku, ongeza saa nne za hewani, hapa kwetu inakuwa saa tisa na nusu. Wewe unasema ndege inatua saa kumi na mbili. Hizo saa zilizobaki zimeliwa na nani, rubani?

Nijibu yote mawili.

Dada yako,
Sornam

*

Toa Payoh
2 Julai 2004

Dada,

La rubani ni jepesi. Saa za huku zimetangulia za kwenu kwa saa mbili na nusu. Nyie mkiwa kitandani, mimi nipo kwenye basi naelekea wodini.

La pili nimeliandika na kulichana mara nyingi. Nalisema sasa, unisamehe.

Siyo ndege, Dada. Ni Baba mkubwa. Alisema mjane hasimami mahali tali inapofungwa, na koja la bi harusi halipiti mikononi mwake. Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma sheria za mapato. Ilango alimbishia mpaka sauti ikamkauka. Lakini Ilango ni yatima kama sisi, huyo mzee ndiye aliyemsomesha, na alipomwambia "basi tafuta baba mwingine wa kukuozesha," Ilango akarudi kuketi. Ramani na rula zilikuja baadaye, ili mimi nipate cha kukuandikia.

Nami nilikuwepo hapo. Nilikuwa nimeshika trei ya chai, na sikusema neno. Wewe ambaye ulikula makoko ya wali ili mimi nile wali. Naona aibu, na hata kuiandika aibu yenyewe naona aibu.

Koja limeshaagizwa kwenye duka la maua la hapa. Nisamehe.

Kayal

*

Tiruchi
12 Julai 2004

Mdogo wangu,

Nimekusamehe, na sasa nyamaza usilie juu ya barua, wino wangu ni wa bei rahisi.

Siwezi kusema haikuniuma. Iliniuma. Siku ile nilitunga maua mpaka uzi ukanikata kidole. Miaka tisa ya ujane nimeshazoea kupita nyuma ya nyumba kwenye harusi za watu, lakini harusi yako sikuwahi kuihesabu kuwa ya watu. Basi. Nimeshalisema, tuendelee na kazi.

Maana kazi nilikuwa nimeshaianza. Nilitaka kujua kama asumini zinaweza kukaa tumba saa ishirini na tano, kutoka shambani Ettarai mpaka shingoni kwako. Ndege sina, nikatumia basi. Dharmaraj, yule konda wa basi la Chennai, anaondoka hapa asubuhi, analala huko, anafika tena hapa kesho yake asubuhi. Nikampa kapu. Mara ya kwanza nililaza maua juu ya barafu yenyewe. Yakarudi yamebabuka, rangi ya chai. Mara ya pili nikayafunga kwa kitambaa kibichi. Yakafunguka yote Villupuram, hata nusu ya njia hayajafika. Dharmaraj anasema basi zima lilinukia chumba cha maharusi, na mzee mmoja akamwomba mkewe msamaha bila kuulizwa kosa. Mara ya tatu nikaweka barafu chini kwenye mfuko wa mpira, juu yake majani ya mgomba, na maua nikayaviringisha kwenye maganda ya mgomba yasiguswe na baridi yenyewe. Kayal, yalirudi yamefumba! Saa ishirini na saba, tumba tupu! Nikaweka moja kiganjani, likafunguka kwa joto la mkono kabla sijamaliza kahawa yangu. Nikapiga kelele kituoni mpaka polisi akaja kuuliza nimeibiwa nini.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe. Tulikuwa tunapiga hesabu na Dharmaraj nyuma ya tiketi. Nikamwambia, "Saa zao zimetangulia kwa mbili na nusu. Harusi ni saa kumi na mbili na robo yao. Hapa inakuwa saa ngapi?"

Akahesabu vidole. "Saa kumi kasorobo, usiku mnene. Nani anaolewa saa hizo, popo?"

Nikacheka naye, halafu nikamnyang'anya ile tiketi. Saa kumi kasorobo ya usiku huo bado ni tisa ya mwezi mwandamo, siku ya mkosi! Mimi naujua mwezi kuliko makarani, maana siku ya nane na ya tisa siuzi hata koja moja la harusi. Hakuna mtu mwenye akili anayeanza jambo siku hizo. Nikakimbilia kalenda ya ukutani kwa Selvi. Tisa ya mwezi inakwisha saa kumi na moja alfajiri, saa za hapa. Hao watu wanataka kukufunga tali ndani ya siku ya tisa!

Sikuvaa hata viatu. Nikaenda kwa Mzee Kuppuswamy.

"Mzee, ile saa ya ukoo wa Sabapathy uliitoa kwa jua la wapi?"

"La wapi tena? La hapa. Tangu babu yao nawaozesha hapa, kando ya mto huu huu."

"Harusi iko Singapore."

Akavua miwani. Akaivaa. "Mbona hakusema?"

"Labda kwa sababu hukumuuliza."

"Sikumuuliza kwa sababu hakusema!"

Tukatazamana. Miaka yote wakubwa hao wawili wanaandikiana kwa wino mwekundu, na hakuna aliyetaja mji! Akafungua vitabu vyake, akafanya hesabu upya mpaka chai yake ikaota utando. Saa yako njema, kwa saa ya ukutani ya Singapore, ni kuanzia saa tatu kasorobo mpaka saa nne asubuhi. Ameiandika, ameweka sahihi na muhuri. Karatasi hii hapa ndani.

Na ndege ya Jumanne inatua saa kumi na mbili. Umeona? Hesabu imekubali.

Mpe Baba mkubwa karatasi hii mkononi.

Sornam

*

Toa Payoh
22 Julai 2004

Dada,

Karatasi imefika. Nimeificha chini ya sare zangu za kazi.

Siwezi kumpa. Kadi zimeshagawiwa. Atasema ni wewe uliyebuni haya yote upate kuja, na atamsema Ilango, na nyumba itawaka moto mwezi mmoja kabla ya harusi. Nimesimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili alitoka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema kijiko.

Labda siku ya tisa si mbaya hivyo. Watu wengine huku wanaoana siku yoyote wanayopata ukumbi.

Kayal

*

Tiruchi
30 Julai 2004

Kwa Mheshimiwa Mzee Sabapathy,

Shikamoo, Mzee. Ni mimi Sornam, dada yake Kayal, mtunga maua wa langoni Srirangam. Yule mjane.

Kayal anayo karatasi ya Mzee Kuppuswamy anayoogopa kukupa. Usimgombeze, anakuheshimu kupita kiasi. Nakuandikia yaliyomo. Saa uliyopewa ilikuwa ya Tiruchi, kwa jua la Tiruchi, kwa sababu barua yako haikutaja Singapore. Saa kumi na mbili na robo ya kwenu, huku ni usiku, na ni tisa ya mwezi. Saa ya haki ni saa tatu kasorobo mpaka saa nne, saa za kwenu. Unaweza kusema nimetunga saa kama ninavyotunga maua, kwa hiyo mwandikie mwenyewe. Siku zilizobaki zinatosha barua kwenda na kurudi mara moja.

Habari hii sikuuzii, Mzee. Biashara naijua, ningeweza kusema nipe kiti nikupe saa. Sisemi. Mdogo wangu asiolewe siku ya tisa ya mwezi, niwepo nisiwepo.

Lakini tiketi ya Jumanne nimeshakata, na koja la Kayal nitalileta mwenyewe.

Mume wangu aliumwa na nyoka akilima shamba la watu. Mimi nilikuwa sokoni. Tangu siku hiyo mikono hii imetunga makoja ya maharusi zaidi ya elfu mbili, na sijaona hata moja likirudishwa kwa mkosi. Koja linafaa kuvaliwa, aliyelitunga hafai kuonekana. Nieleze hilo, wewe unayepima kila kitu, maana mimi nimelipima kwa miaka tisa na halikai sawa.

Ukiona ni lazima nizuiwe mlangoni, nizuie wewe, kwa mkono wako. Usitume mtu.

Kwa heshima,
Sornam

*

Serangoon, Singapore
9 Agosti 2004

Kwa Bibi Sornam,

Barua yako ya tarehe 30 Julai imepokelewa na kusomwa mara nne.

Kuhusu saa: sikuandika kwa Mzee Kuppuswamy, nilimpigia simu. Amethibitisha. Alinifokea, nami nikamfokea. Kosa ni la pande mbili. Ndoa itafungwa kuanzia saa tatu kasorobo.

Kuhusu kadi: zimechapwa upya zote mia tatu, na nimewaeleza wageni kwamba ni kwa sababu ya ukumbi.

Kuhusu safari: kutua saa kumi na mbili, ukaguzi wa pasipoti na forodha dakika hamsini, ukizingatia shehena yako ni ya mimea, barabarani dakika thelathini na tano. Utafika hekaluni saa moja na dakika ishirini na tano, iwapo ndege haitachelewa. Ndege za njia hiyo huchelewa.

Kuhusu swali lako la makoja na mikono: sina jibu kwa sasa.

Kiti chako ni safu ya nne, upande wa kushoto, kando ya nguzo.

Wako,
K. Sabapathy

*

Toa Payoh
12 Agosti 2004

Dada!

Nimeiona ramani ya viti. Siyo kando ya nguzo, ni NYUMA ya nguzo! Nilikwenda pale kwenye ukumbi wa hekalu baada ya zamu, nikakaa kwenye kiti hicho, na nilichoona ni saruji.

Sijui niseme nini kilinipata. Labda ni kukaa pale. Nilipita duka la maua, kisha nikapanda basi mpaka kwake, na sare yangu ya kazi bado mwilini. Alikuwa anakunywa chai. Safari hii sikushika trei ya mtu.

"Baba mkubwa," nikasema, "koja langu nitalipokea kwa mkono ulionilisha. Hakuna mkono mwingine. Nimetoka dukani sasa hivi, nimefuta oda ya maua."

"Umefuta nini?"

"Oda. Nchi hii yote haina koja lenye jina langu. Linakuja na Dada Sornam ndege ya Jumanne, na atanivalisha yeye, mbele ya watu wote."

Akaweka kikombe chini. "Na ndege ikichelewa?"

"Basi tutachelewa wote."

"Saa njema inakwisha saa nne kamili, binti. Haingoji mtu."

Nikasikia sauti nyuma yangu. Ilango alikuwa ameingia, sijui saa ngapi. Akasema, "Ikipita, Baba mkubwa, tutaomba nyingine. Mimi bila Sornam sikai mbele ya moto."

Mzee aliingia chumbani na kufunga mlango, na tangu siku hiyo ni wiki moja kasoro... hapana, ni siku tatu, mimi ndiye nimeziona ndefu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Hakuna anayejua atakachofanya.

Ndiyo hali ilivyo. Usipofika, sina koja. Ukifika ukazuiwa mlangoni, mimi natoka nje nakufuata. Dada, nilikuwa naogopa maisha yangu yote, na sasa nimechoka kuogopa. Njoo. Jisumbue! Jisumbue sana!

Mdogo wako,
Kayal

*

Serangoon, Singapore
29 Agosti 2004

Mzee mwenzangu Kuppuswamy,

Salamu. Ulitaka upewe taarifa kamili, na kwa kuwa tulifokeana kwenye simu, nakuandikia kwa utulivu.

Jumatano nilikwenda uwanja wa ndege mwenyewe. Nyumbani sikumuaga mtu yeyote. Yule mwanamke aliniandikia kwamba nikitaka kumzuia nimzuie kwa mkono wangu, na nakiri kwako kwamba nilipotoka nyumbani sikujua mkono wangu ulikuwa unakwenda kufanya nini.

Ndege ilichelewa dakika hamsini. Nilisimama chini ya ule ubao wa majina ya miji nikiangalia saa, na ikanijia kwamba naomba ndege itue. Nilistaajabu. Mimi ndiye niliyepima safari hii kwa rula ili isiwezekane.

Ilitua saa moja kasoro dakika kumi. Alitoka na kapu kifuani, amevaa sari ya kijani, na nyuma yake wanaume kumi na wawili wa kazi za ujenzi waliokuwa wanarudi makazini. Wote walikuwa wananukia asumini. Kumbe walikuwa wamemshikia nyuzi njia nzima wakati anatunga, na mmoja wao, jitu la kutisha, alinishika bega akaniambia, "Mzee, huyu dada afike kwa wakati, la sivyo utatuona." Afisa wa forodha alikuwa amefungua kila ganda la mgomba, moja moja, kwa dakika ishirini na tano. Mwishowe, naambiwa, aliomba ua moja ampelekee mama yake.

Nilimsalimia. Nikaanza kumweleza kwamba tukipita njia ya pwani tutaokoa dakika sita.

"Mzee," akasema, "unaendesha au unahesabu?"

Niliendesha.

Tulifika hekaluni saa mbili na robo. Shemeji yangu Visalakshi alikuwa mlangoni na wanawake wenzake, na alipomwona akanyoosha shingo akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Jamani, wajane wapite mlango wa nyuma, tusianze na mkosi." Ngoma zilikuwa bado hazijaanza. Watu mia tatu waligeuka. Kule mbele bi harusi alisimama, akaanza kuvua bangili, na bwana harusi naye akasimama.

Sornam alinitazama.

Basi nikanyoosha mkono. Nadhani kila mtu pale alifikiri namzuia. Nikalichukua lile kapu kutoka kifuani kwake, nikaliweka kichwani pangu, mimi, karani mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na moja, nikatangulia katikati ya watu, yeye nyuma yangu. Nilimsikia Visalakshi akisema, "Kaka, umerukwa na akili?" Nikamjibu bila kugeuka, kwa sababu ya kapu, "Saa njema ya harusi hii ametuletea mjane. Sisi wenye waume na wake tulikuwa tunaozesha watoto siku ya tisa ya mwezi."

Mzee mwenzangu, hakukuwa na kunong'ona tena.

Saa tatu kasoro dakika kumi na nane alilifungua koja. Maua yalikuwa tumba yote, meupe, hakuna hata moja lililofunguka. Alingoja nikamwonyesha saa yangu: tatu kasorobo. Akamvalisha mdogo wake mbele ya moto. Kayal alilia kwa sauti kama mtoto, na Sornam akamwambia, "Acha, utayamwagia chumvi." Na kwa joto la moto ule na la shingo ya msichana, wakati Ilango anafunga tali, maua yakaanza kufunguka. Saa tatu na dakika tano, saa za hapa, nimeandika. Harufu ilifika mpaka safu ya mwisho. Nimehudhuria harusi nyingi za matajiri hapa na sijawahi kuona watu wazima wakifumba macho namna ile.

Hapo taarifa ingekwisha. Lakini kuna jambo ambalo ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Unamjua Amudha, binti yangu. Saa ya ndoa yake uliitoa wewe, na niliifuata kwa dakika, hapo hapo Tiruchi, kwa jua la hapo. Haikuwa na kosa. Mumewe akafa mwaka wa tatu. Tangu hapo, miaka kumi na moja, kila penye sherehe Amudha amekuwa jikoni, na aliyemweka huko ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Sasa umeelewa kwa nini nilitoa rula. Ningemwachia Sornam asimame mbele, ningekuwa nimekiri kwamba Amudha naye angeweza kusimama, kila mara, miaka yote hiyo. Ilikuwa rahisi zaidi kupima kilomita.

Ngoma zilipolia nilimwona Amudha kwenye mlango wa jiko la hekalu, nusu yake ndani, nusu nje, ameshika mwiko. Nilimwita. Ngoma zilikuwa juu, hakusikia. Nikawaacha maharusi, nikawapita wageni, nikaenda nikauchukua ule mwiko, nikamshika mkono. Alirudi nyuma.

"Baba," akasema, "watu wanaona."

"Waone," nikamwambia, nikampeleka mpaka mbele kabisa na kumjazia mchele wa baraka wa kuwarushia maharusi mikono yote miwili.

K. Sabapathy